Kutabiri Mnato wa Miamba Iliyoyeyuka: Mashine, Vipimo na Mipaka ya Ujuzi

Ikisiri

Mnato ni mojawapo ya sifa zinazoamua iwapo volkeno italipuka kwa kishindo au itatiririsha lava kwa utulivu. Sifa hii hubadilika mno kutegemea joto, kemia ya mwamba na kiasi cha maji kilichomo ndani yake, na haiwezi kupimwa maabarani katika kila hali. Makala hii inaeleza namna wanasayansi wanavyoitumia mashine inayojifunza kutokana na data ili kuutabiri mnato huo. Aidha, makala inabainisha kwamba mashine hiyo hukosa uhakika pale hasa inapohitajika zaidi, yaani katika viwango vya joto ambamo volkeno hulipuka, na kwamba udhaifu huo hupunguzwa kwa kuioanisha mashine na kanuni za fizikia. Suala la istilahi za Kiswahili limejadiliwa pia kwa kuwa dhana isiyotajwa sawasawa haiwezi kufundishwa sawasawa.

1.0 Utangulizi

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulio mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulipasuka ubavuni na kumwaga lava iliyoshuka kuelekea mji wa Goma. Lava hiyo ilisimama katika viunga vya kaskazini vya mji huo. Watu zaidi ya 30 walifariki, na siku chache baadaye wakazi wapatao 400,000 waliuhama mji kwa hofu ya mlipuko mwingine. Tukio hilo halikuwa la kwanza. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya mlima uo huo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia katika Ziwa Kivu. Kabla ya hapo, tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na lava ikashuka mlimani kwa kasi ambayo mtu aendaye kwa miguu hawezi kuikimbia. Idadi ya waliofariki mwaka huo hutajwa kwa viwango tofauti, kuanzia watu 70 hadi mamia.

Mkazi wa Goma anapoona anga likigeuka jekundu huuliza swali moja: lava itafika lini? Jibu la swali hilo hutegemea mambo kadhaa, yakiwemo mwinamo wa ardhi, kina cha lava na mahali mwanya ulipofunguka. Miongoni mwa mambo hayo lipo moja lisiloonekana kwa macho wala kusomeka katika ramani, nalo ni mnato wa lava yenyewe. Makala hii inalichunguza jambo hilo. Kwanza, dhana ya mnato inafafanuliwa. Pili, yanaelezwa mambo yanayouamua na namna unavyopimwa. Tatu, inajadiliwa mbinu ya kuutabiri kwa kutumia ujifunzaji wa mashine, pamoja na mipaka ya mbinu hiyo.

2.0 Dhana ya Mnato na Suala la Istilahi

Isaac Newton, katika kitabu chake cha Principia kilichotoka mwaka 1687, alieleza kwamba tabaka za kimiminiko zinapoteleza moja juu ya nyingine huzuiana. Kizuizi hicho ni msuguano wa ndani, na kipimo chake ndicho kinachoitwa mnato. Kimiminiko chenye mnato mdogo hutiririka upesi. Chenye mnato mkubwa hujikokota.

Neno mnato limetokana na kitenzi nata, ambacho maana yake ya kawaida ni kushikamana na kitu kama gundi inavyoshikamana na karatasi. Hapa mwanafunzi hana budi kuwa mwangalifu. Kushikamana na kitu kingine ni jambo moja, na kusita kutiririka ni jambo jingine. Lava yenye mnato mkubwa si lazima igande kwenye fimbo kama ulimbo. Sifa yake ya msingi ni kwamba sehemu zake za ndani hazipishani kwa urahisi. Istilahi hii basi imepanuliwa maana kutoka matumizi ya kila siku, na maana hiyo mpya ndiyo inayozingatiwa katika fizikia.

Tatizo jingine linatokana na kivumishi -zito. Wazungumzaji wa Kiswahili husema uji mzito na uji mwepesi, wakimaanisha uji usiomiminika kwa urahisi na ule unaomiminika. Hata hivyo, neno hilo hilo hutumika kutaja uzani. Mkanganyiko huu unaweza kumpotosha msomaji wa sayansi. Zebaki ina uzani wa takriban mara 13.6 ya maji ya ujazo uo huo, lakini mnato wake haufikii maradufu ya mnato wa maji. Kwa upande mwingine, mafuta ya kupikia huelea juu ya maji kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, ilhali mnato wake ni makumi ya mara ya ule wa maji. Ni dhahiri kwamba uzito na mnato ni sifa mbili zisizofungamana, na kwamba mwandishi wa Kiswahili cha sayansi anapaswa kuzitenganisha.

Kipimo cha mnato ni paskali-sekunde. Maji ya kawaida yana mnato wa takriban 0.001 paskali-sekunde, na asali huweza kufikia 10 hivi. Lava ya basalti, ambayo huwa na joto la karibu nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, huwa na mnato wa makumi hadi mamia ya paskali-sekunde. Mwamba wa rayolaiti uliokaukiwa na maji unaweza kuwa na mnato wa mamilioni ya mamilioni. Kwa sababu ya tofauti hizi kubwa, wataalamu hawatumii tarakimu zenyewe bali logariti zake. Badala ya kusema 1,000 husema 3, na badala ya kusema 1,000,000 husema 6. Kwa hivyo, hatua moja katika logariti ni sawa na kuzidisha mnato mara kumi.

3.0 Mambo Yanayouamua Mnato

Mambo matatu ndiyo makuu: joto, kemia ya mwamba na maji.

Kuhusu joto, kanuni ya jumla ni kwamba mwamba ulioyeyuka hulegea unapopata joto zaidi na hukaza unapopoa. Asali hufanya vivyo hivyo inapowekwa karibu na jiko. Kwa mintarafu hii, mfano wa uji hautufai, kwa sababu uji hukaza kadiri unavyopikwa. Unga wa uji hufyonza maji na kuvimba, jambo ambalo halitokei katika mwamba.

Kuhusu kemia, kiungo kikuu katika miamba mingi ya volkeno ni silika. Kila atomu ya silikoni huzungukwa na atomu nne za oksijeni, na makundi haya huungana kwa kushirikiana oksijeni hadi yakafanya wavu mkubwa. Kadiri wavu huo unavyokamilika ndivyo mwamba ulioyeyuka unavyokataa kutiririka. Basalti ina silika ya asilimia 45 hadi 52 hivi, ilhali rayolaiti huwa na zaidi ya asilimia 69. Hii ndiyo sababu kuu ya basalti kutiririka na rayolaiti kujikokota. Lava ya Nyiragongo ina silika pungufu hata kuliko basalti ya kawaida, na ina wingi wa sodiamu na potasiamu. Ndiyo maana mwendo wake huwa wa haraka mno.

Elementi kama sodiamu, potasiamu na kalisi huvunja viungo vya wavu huo na kupunguza mnato. Hata hivyo, jambo hili si rahisi kama linavyoonekana. Alumini inapokuwepo, hujiunga na wavu kwa kuchukua nafasi ya silikoni, lakini haiwezi kufanya hivyo bila kuandamana na elementi kama sodiamu ya kusawazisha chaji yake ya umeme. Sodiamu iliyoshughulishwa na alumini haina nafasi ya kuvunja wavu. Matokeo yake ni kwamba kiasi kile kile cha sodiamu hulegeza mwamba mmoja na kisiulegeze mwingine, kutegemea alumini iliyomo. Athari za viungo hivi haziwezi kujumlishwa kimojakimoja kama bei za bidhaa katika risiti.

Kuhusu maji, yaliyoyeyuka ndani ya mwamba chini ya shinikizo la ardhi huvunja wavu kwa nguvu kubwa. Asilimia chache tu za maji kwa uzani huweza kupunguza mnato wa rayolaiti mara maelfu, na hata mamilioni. Mwamba huo unapopanda juu, shinikizo hupungua na maji hugeuka mvuke na kutengeneza mapovu. Mapovu hayo yakipata njia katika mwamba wenye mnato mdogo, hutoka kwa urahisi na lava hutiririka, kama inavyotokea mara nyingi katika visiwa vya Hawaii. Yakinaswa katika mwamba wenye mnato mkubwa, shinikizo hujilimbikiza hadi mlima ukapasuka. Mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, watu 57 walifariki.

4.0 Upimaji wa Mnato na Pengo Lake

Wanasayansi huupima mnato kwa njia kuu mbili. Mwamba ulio moto sana hutiwa katika chombo mithili ya chungu kidogo, kisha mchi wa madini yasiyoyeyuka kwa urahisi huzungushwa ndani yake. Nguvu inayohitajika kuuzungusha mchi ndiyo inayodhihirisha mnato. Njia hii hufaa pale ambapo mwamba ni majimaji, yaani mnato usiopita paskali-sekunde 100,000 hivi.

Njia ya pili hutumika mwamba unapokuwa umepoa kiasi cha kukaribia kuwa kioo. Katika hali hiyo, kipande cha mwamba hugandamizwa au huchomwa kwa ncha ngumu, na kasi ya kubonyea kwake hupimwa. Mnato unaopimwa hapa huwa mkubwa mno, kuanzia takriban 10 kwa kipeo cha 8 na kuendelea. Mnato unapofikia 10 kwa kipeo cha 12, mwamba huhesabiwa kuwa umegeuka kioo.

Kati ya njia hizi mbili pana pengo. Katika viwango vya joto vya katikati, mwamba ulioyeyuka haubaki ulivyo. Fuwele huanza kuota ndani yake, na maji yaliyomo hutoka kwa mapovu. Kabla ya mpimaji kumaliza kazi, kitu anachokipima kimekwisha kubadilika. Jambo la kusikitisha ni kwamba volkeno nyingi hulipuka katika viwango hivyo hivyo vya joto. Kwa maneno mengine, vipimo vimejaa pande zote mbili za mto, lakini mtoni penyewe ni haba.

5.0 Milinganyo ya Awali

Kabla ya mashine kuanza kujifunza, wataalamu walitegemea milinganyo iliyobuniwa kwa mkono. Katika miaka ya 1920, Vogel, Fulcher na Tammann, kila mmoja katika kazi yake, walipendekeza mlinganyo unaosema kwamba logariti ya mnato ni sawa na A kujumlisha B iliyogawanywa kwa tofauti ya joto na C. Herufi A, B na C ni vigezo vinavyotafutwa kutokana na vipimo vya kimiminiko husika. Mlinganyo huu unaonyesha kwamba mnato haupandi kwa mwendo mmoja mwamba unapopoa, bali hupanda kwa kasi inayozidi kuongezeka.

Swali lililobaki lilikuwa: vigezo hivyo vitajulikanaje kwa mwamba ambao haujapimwa? Mwaka 1972, Shaw, na vilevile Bottinga na Weill, walitoa njia za kukadiria mnato kutokana na kemia ya mwamba. Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwaka 2008, pale Giordano, Russell na Dingwell walipotumia vipimo zaidi ya 1,770 kuunda modeli moja ya miamba mingi ya volkeno, ikiwemo yenye maji na florini. Walichukulia kwamba A ni moja kwa miamba yote, wakaipata kuwa -4.55, kisha athari zote za kemia wakazitia katika B na C kwa kutumia vigawo 17. Modeli hiyo ilihusisha mnato kuanzia 10 kwa kipeo cha -1 hadi 10 kwa kipeo cha 14, na imetumika sana tangu hapo.

Pamoja na ufanisi huo, umbo la mlinganyo wa namna hii huamuliwa na mwanadamu kabla ya data kuzungumza. Mtaalamu huamua mapema kwamba kiungo fulani kitazidishwa na kingine, na kwamba vingine vitajumlishwa. Endapo uhusiano halisi wa sodiamu na alumini una mkunjo asiouwaza, mlinganyo hautauona.

6.0 Mashine Inavyojifunza

Ujifunzaji wa mashine ni tawi la taaluma ambayo baadhi ya Waswahili huiita akili bandia na wengine huiita akili mnemba. Katika tawi hili, mwanadamu haiandikii kompyuta kanuni ya kufuata. Badala yake huipa mifano mingi pamoja na majibu yake, na kompyuta hutafuta yenyewe uhusiano uliopo kati ya mifano na majibu.

Mbinu iliyotumiwa sana katika suala hili ni mtandao wa neva bandia. Mtandao huo una tabaka kadhaa. Tabaka la kwanza hupokea taarifa za mwamba: asilimia ya silika, alumini, chuma, magnesi, kalisi, sodiamu, potasiamu, maji na vinginevyo, pamoja na joto. Tabaka za kati huzizidisha taarifa hizo kwa mizani mbalimbali, huzijumlisha na kuzipitisha katika kanuni yenye mkunjo. Tabaka la mwisho hutoa jibu moja, yaani logariti ya mnato. Mwanzoni mizani hizo huwekwa kwa kubahatisha, na majibu huwa ya ovyo. Kila jibu hulinganishwa na kipimo halisi, kosa hukokotolewa, na mizani husahihishwa kidogo. Kazi hii hurudiwa mara maelfu hadi kosa lisipungue tena.

Mwalimu yeyote anafahamu kwamba mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana hajaelewa somo. Mashine nayo hukariri. Mtandao wenye mizani nyingi kuliko mifano unaweza kurudia kila kipimo ulichofundishwa bila kosa na bado ukashindwa mbele ya mwamba mpya. Kwa sababu hiyo, data hugawanywa. Sehemu kubwa hutumika kuifundisha mashine, na sehemu nyingine hufichwa hadi mwisho ili itumike kuitahini. Mashine husifiwa kwa alama iliyoipata katika data ambazo haijawahi kuziona.

Ugawaji huo una mtego wake. Iwapo mwamba mmoja ulipimwa katika viwango kumi vya joto, na vipimo saba vikatiwa katika mafunzo na vitatu katika mtihani, basi mashine itakuwa imetahiniwa kwa mwamba inaoujua tayari. Mtihani wa haki ni ule unaouficha mwamba mzima, pamoja na vipimo vyake vyote.

7.0 Kuioanisha Mashine na Kanuni

Utafiti wa Langhammer, Di Genova na Steinle-Neumann uliochapishwa mwaka 2022 ni mfano mzuri wa kuyaeleza haya. Watafiti hao waliufundisha mtandao wa neva kwa hazina kubwa ya vipimo inayokaribia kuhusisha kemia zote za magma za dunia. Pamoja na kemia na joto, waliupa mtandao kipimo cha ukamilifu wa wavu wa silika na uwiano wa elementi za alkali. Kwa njia hiyo, mashine haikulazimika kuanzia gizani, kwa kuwa ilidokezewa mambo ambayo kemia imekwisha kuyathibitisha. Matokeo yalikuwa sahihi zaidi kuliko yale ya modeli za jumla zilizotangulia.

La kuzingatiwa zaidi ni kwamba watafiti hao waliutaja wazi udhaifu wa mashine yao. Kwa kuwa vipimo vya viwango vya joto vya katikati havikuwepo, mtandao haukuweza kutegemewa katika viwango hivyo. Waswahili husema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Mashine nayo ikitolewa nje ya mifano iliyofundishwa huendelea kutoa majibu, ila majibu hayo hayana mwanga wowote nyuma yake. Hatari ni kwamba tarakimu ya kubahatisha na tarakimu ya uhakika hufanana kabisa zinapoandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Suluhisho lao lilikuwa la busara. Waliutumia mtandao kuzalisha nukta za mnato pande mbili tu ambako ulikuwa na ujuzi, yaani pale mwamba ulipo majimaji na pale unapokaribia kuwa kioo. Kisha walizipitishia nukta hizo mlinganyo wenye msingi wa kifizikia unaoeleza namna mnato unavyobadilika kwa joto. Mlinganyo huo ndio uliovuka pengo. Mashine ilijenga nguzo za pande zote mbili za mto, na fizikia ikalaza daraja juu yake.

Njia inayokaribiana na hiyo ilifuatwa na Le Losq, Valentine, Mysen na Neuville katika utafiti wa mwaka 2021 kuhusu vioo na vimiminiko vya silika, alumini na alkali. Katika kazi yao, mtandao wa neva uliunganishwa na milinganyo ya fizikia, ukawa unakadiria vipengele vya milinganyo hiyo ambayo nayo ndiyo iliyotoa mnato. Katika mifano yote miwili funzo ni lile lile. Data peke yake hazitoshi, na kanuni peke yake haitoshi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

8.0 Mipaka Inayobaki

Licha ya mafanikio hayo, mambo matatu yanapaswa kukumbukwa.

Kwanza, modeli hizi zinahusu miamba ya silika. Ol Doinyo Lengai, mlima wa kaskazini mwa Tanzania ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, hutoa lava ya aina ya pekee iliyojaa kaboneti za sodiamu na kalisi na yenye silika haba sana. Lava hiyo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, ambalo ni kama nusu ya joto la basalti, na bado mnato wake ni miongoni mwa midogo kabisa kati ya lava zote zinazojulikana. Wavu wa silika haumo. Mashine iliyofundishwa kwamba mwamba ukipoa hadi nyuzi 600 hukaribia kuwa kioo haiwezi kuuelewa mlima huu. Ikiulizwa itajibu, lakini jibu lake litakuwa la mwamba mwingine.

Pili, kinachotabiriwa ni mnato wa kimiminiko pekee, ilhali lava halisi ina fuwele na mapovu. Fuwele chache huongeza mnato kidogo. Zikiwa nyingi hadi zikagusana, lava inaweza kukwama kabisa. Einstein alilishughulikia suala la chembe zinazoelea ndani ya kimiminiko mwaka 1906, na kanuni zilizofuata zimekuwa zikiboresha hesabu yake. Anayetaka kujua mwendo wa lava hana budi kuanza na mnato wa kimiminiko, kisha aongeze athari za fuwele na mapovu.

Tatu, kosa dogo katika logariti si dogo katika maisha. Lava inapotiririka kwa utaratibu kwenye mteremko, kasi yake hupungua kwa kiwango kile kile ambacho mnato wake umeongezeka, iwapo mambo mengine hayakubadilika. Chukulia kwamba kijiji kiko kilomita 15 kutoka kwenye mwanya, na kwamba mnato uliotabiriwa unaipa lava kasi ya kilomita 1.5 kwa saa. Wanakijiji wataambiwa kuwa wana saa 10. Ikiwa utabiri ulikosea kwa nusu hatua tu ya logariti, mnato halisi ni pungufu kwa takriban mara tatu, na lava itafika baada ya saa tatu na dakika chache. Mtaalamu ataliita hilo kosa la 0.5. Mama mwenye watoto na mzee asiyejiweza ataliita jina jingine. Kwa sababu hiyo, utabiri wowote unapaswa kuandamana na kiwango cha shaka yake, na mipango ya kuhama ifuate upande wa tahadhari.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mnato wa miamba iliyoyeyuka huamuliwa na joto, kemia na maji kwa namna isiyoweza kujumlishwa kirahisi, na kwamba ujifunzaji wa mashine umeleta usahihi ambao milinganyo ya awali haikuufikia. Hata hivyo, mashine haijui zaidi ya kile kilichopimwa. Palipo na pengo katika vipimo pana pengo katika ujuzi wake, na kanuni za fizikia ndizo zinazosaidia kulivuka. Nafasi ya maabara basi haijachukuliwa na kompyuta. Kila kipimo kipya cha mwamba usiojulikana vizuri kina thamani kubwa kuliko mizani elfu zaidi ndani ya mtandao.

Suala hili si la nchi za mbali. Katika eneo la Menengai karibu na Nakuru, visima vilivyochimbwa kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme vilifikia magma kwenye kina cha kilomita 2 hivi. Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, pamoja na tawi lake la magharibi linalopita Goma, lina volkeno ambazo miamba yake ina kemia zisizo za kawaida, na watu wengi wanaoishi chini ya volkeno hizo huzungumza Kiswahili. Onyo likitolewa Goma kwamba lava ni nzito, msikilizaji anaweza kudhani itachelewa kufika, ilhali mtoa onyo alimaanisha uzani wake. Kazi ya kutenganisha mnato na uzito ni ya wanaisimu na walimu wa Kiswahili, na ni vyema ikamilishwa wakati mlima umetulia.